Kumi na Tano ya Nairobi

Nilipohamia London katikati ya miaka ya tisini, sanduku langu lilikuwa na suti moja, blanketi ambalo mama alikataa niliache, na geji ya vakyumu niliyoifunga ndani ya sweta. Afisa wa forodha pale uwanja wa ndege aliitoa, akaigeuzageuza, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kusikilizia injini. Alinitazama, akaitazama geji, kisha akairudisha ndani ya sweta kwa upole mwingi, kama mtu anayemrudishia mgonjwa dawa zake.

Kwa asiyeijua, geji hiyo ni kidude cha duara chenye uso kama wa saa, mshale mmoja na mpira mrefu. Unachomeka mpira kwenye njia ambayo injini hufyonzea hewa, unawasha gari, na mshale unakuonyesha injini inafyonza kwa nguvu kiasi gani. Mshale ukichezacheza, huenda valvu haifungi. Ukitulia lakini uko chini, huenda kuna mahali hewa inapenya pasipotakiwa. Unayajua haya yote kabla hujafungua hata nati moja. Fundi aliyenifunza kazi katika gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, aliiamini geji hiyo kuliko alivyowaamini ndugu zake, na kwenye kioo chake alikuwa ameweka alama kwa rangi nyekundu ya kucha: kumi na tano. "Hapo ndipo afya ilipo," alikuwa akisema, na alipoacha kazi kwa sababu ya macho, akanikabidhi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kimechora utepe wa kijani kuanzia kumi na saba hadi ishirini na mbili. Sisi gerejini tulishakubaliana kwamba huo ulikuwa utani wa Wazungu, namna yao ya kujisifu. Katika miaka yangu yote ya Nairobi sikuona gari lililogusa utepe ule. Yaliyotembea vizuri yalisimama kumi na tano, kumi na tano na nusu, na wenyewe waliondoka wakitabasamu. Sasa nani angebishana na rangi ya kucha?

London haikuniuliza habari za geji. Ilinipa brashi na ndoo, nikawa naosha mabasi katika depo moja, na ufundi wangu ukabaki kuwa kitu cha Jumamosi. Tuliishi Tottenham, ghorofa ya tatu, na chini kulikuwa na maegesho yenye kibao kikubwa cha kukataza mtu yeyote kutengeneza gari mahali hapo. Nilikuwa nikitengenezea magari chini ya kibao hicho hasa, kwa kuwa ndipo palipokuwa na taa nzuri. Wateja wangu walikuwa majirani. Mmoja wao, Mkongo mpole aliyekuwa akibeba nusu ya kwaya ya kanisa lake ndani ya gari moja, aliniomba nimpimie injini kabla ya safari. Mshale ukapanda hadi ishirini ukatulia. Nilimpa mkono nikampongeza, nikamwambia injini kama ile sijapata kuiona, aitunze. Alienda kanisani akatoa ushuhuda.

Nayasimulia haya ili ujue nilivyokuwa nimejiandaa kuaibika.

Mke wangu alikuwa akifanya kazi ya kuwaangalia wazee majumbani kwao. Kampuni ilimpa orodha ya nyumba, na kila asubuhi alizunguka Tottenham na Edmonton akiwaamsha, akiwaosha, akiwapa chai. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa bibi mmoja wa Edmonton ambaye miguu yake ilikuwa imegoma kabisa. Bibi huyo hakuweza kutoka kitandani mpaka mke wangu afike. Saa moja kamili ilikuwa saa moja kamili, kwani akichelewa, bibi alikuwa amelala pale amelowa, akitazama mlango. Walikuwa wakipendana wale wawili. Bibi alimfundisha majina ya ndege wa bustanini, na yeye alimfundisha bibi kusema "asante sana," ambayo bibi aliisema kwa kila kitu, hata akiwa amekasirika.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukanunua gari dogo jekundu kwa ajili ya kazi hiyo. Likatembea vizuri mwaka mzima, halafu likaanza kumisi. Ukikanyaga mafuta, lilinyooka likaenda. Ukiachia, hasa ukisimama, lilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, na siku nyingine lilizima kabisa. Juma la kwanza mke wangu alichelewa mara moja akaandikiwa onyo. Juma la pili akachelewa tena, onyo la pili. La tatu, kampuni ilisema wazi, bibi na wazee wengine wote watapewa mtu mwingine.

"Baba watoto," aliniambia jioni ya onyo la pili, hata koti hajavua, "hii gari imezima pale traffic lights za Bruce Grove. Mara tatu. Mtu wa nyuma amepiga honi mpaka nikamwonea huruma."

"Unaachia clutch mapema," nikasema.

"Nimeendesha mwaka mzima na hiyo clutch."

"Sasa umeanza kuiachia mapema."

Alivua koti. "Na nikikanyaga breki nasikia kitu kinafyonza. Sss, hivi. Kama nyoka yuko chini ya miguu yangu."

"Hiyo ni heater," nikasema.

Nikateremka na geji yangu. Nikachomeka mpira, nikawasha. Mshale ukapanda ukakaa juu ya rangi ya kucha, kumi na tano, umetulia tuli. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akithibitishwa. Injini nzima kabisa! Kwa hiyo ugonjwa lazima uwe kwenye umeme. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha koili. Gari likaendelea kutetemeka, sasa likiwa na plagi mpya.

Hapo nikaazima mashine ya kusoma kompyuta ya gari kutoka kwa mwenzangu wa depo. Magari ya namna ile yana sensa ya presha, kitu kidogo kama kiberiti kinachopima hewa ndani ya injini na kuiambia kompyuta imwage petroli kiasi gani. Ufunguo ukiwa umewashwa lakini injini haijawaka, hakuna kinachofyonzwa, kwa hiyo sensa husoma tu hewa iliyotuzunguka sisi sote. Nairobi, kwenye magari machache ya namna hiyo niliyoyashika, nilizoea kuona themanini na tatu. Nikawasha ufunguo pale chini ya kibao. Mia moja na moja.

Nikazima, nikawasha tena. Mia moja na moja. Nikawasha injini, ikasoma hamsini, wakati gari zima huwa thelathini na kitu. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa na mashahidi wawili: geji ya mwalimu wangu ikisema injini ni nzima, na sensa ikisema injini ni mgonjwa, sensa ambayo hata hewa ya bure haikuweza kuipima sawasawa. Hukumu haikunichukua muda. Nilimwita mke wangu dirishani nikamtangazia kwamba nimemkamata mwongo.

Vipuri nilikuwa nikivifuata mbali, Rayners Lane, kwa kubadilisha treni Finsbury Park na kukaa mpaka wanaokaa karibu nawe wamebadilika mara tatu. Maduka yalikuwepo hata Tottenham. Kilichonipeleka kule ni mzee mmoja Mhindi mwenye duka dogo karibu na stesheni, mzaliwa wa Mombasa, aliyezungumza Kiswahili kitamu kiasi kwamba mtu ungeweza kununua fani belti usiyoihitaji ili tu aendelee. Aliniuzia sensa. Nikarudi, nikaifunga, nikawasha ufunguo. Mia moja na moja.

Nikampelekea. Akanibadilishia bila neno. Ya pili, mia moja na moja. Hapo nikaanza kuamini kwamba kuna kontena zima la sensa mbovu limeingia Uingereza, na niliieleza nadharia hiyo kwa urefu kwenye meza ya chakula. Mke wangu alikuwa akimenya chungwa. "Mganga hajigangi," akasema, na kuendelea na chungwa lake.

Siku iliyofuata, Alhamisi, gari lilizima pale pale Bruce Grove likakataa kuwaka. Alifika Edmonton saa moja na dakika arobaini. Bibi hakulalamika. Alisema asante sana, na mke wangu alilia bafuni kwa bibi huku akijaza beseni maji ya moto. Haya aliniambia baadaye, kwa sababu siku ile alirudi nyumbani kimya na kuweka barua mezani. Msimamizi wake alikuwa amempa nafasi moja ya mwisho. Kufikia Ijumaa ya juma lililofuata alete maandishi ya fundi aliyeshughulikia gari, yanayoeleza tatizo lilikuwa nini, na kwamba limekwisha. Akikosa, orodha inaenda kwa mwingine.

Nilisoma barua mara mbili. Sikuwa na cha kuandika. Kwa maarifa yangu yote gari lilikuwa zima na sensa tatu zilikuwa zimekula njama.

Jumamosi nikarudi Rayners Lane na sensa ya pili mfukoni, mashine na geji nimezitia begini kama ushahidi. Mzee alinyoosha mkono kuipokea, kisha akausimamisha hewani.

"Hebu ngoja bwana. Na hii pia wataka kunirudishia?"

"Mbovu, mzee. Zote zasoma mia na moja. Ufunguo tu, injini haijawaka."

"Wewe ulitaka isome ngapi?"

"Themanini na tatu."

Alivua miwani. "Kazi ulijifunza wapi?"

"Nairobi."

Basi yule mzee alicheka. Hakucheka kwa adabu ya dukani. Aliinama akashika kaunta, akamwita mkewe kutoka chumba cha nyuma, akamweleza kwa Kigujarati, na mkewe akanitazama kwa huruma kubwa akaenda kuniletea chai. Nilisimama pale nimeshika sensa yangu nikahisi masikio yanawaka.

"Ndugu yangu," akasema alipopata pumzi, "Nairobi iko juu mlimani. Hewa ya kule ni nyepesi, ndiyo maana sisi wa Mombasa tukipanda huko twahema kwenye ngazi. Themanini na tatu ni hewa ya Nairobi. Hapa tuko chini, karibu na usawa wa bahari. Mia na moja ni hewa ya hapa. Mombasa pia ni mia na moja. Sensa yako haina makosa, wewe ndiye uliyekuja na hewa yako kutoka bara."

Alinitoa nje hadi kwenye gari lake, gari kuukuu lenye kutu milangoni, akaniambia nichomeke mashine yangu. Ufunguo tu: mia moja na moja. Akawasha injini. Ilinguruma taratibu bila kutikisika, na mashine ikasoma thelathini na mbili. "Sasa hiyo geji yako," akasema, akiionyesha begini. Nikachomeka mpira. Mshale ukapita rangi ya kucha bila hata kuisalimia, ukaingia kwenye utepe wa kijani, ukasimama ishirini.

"Geji hii," mzee akasema, "haipimi kilicho ndani peke yake. Yapima tofauti ya ndani na nje. Nje ikiwa nyepesi, tofauti ni ndogo, kwa hiyo injini nzima ya Nairobi yasoma kumi na tano. Hapa nje ni nzito, injini nzima yasoma ishirini. Gari lako lasoma ngapi?"

"Kumi na tano," nikasema.

"Basi ni mgonjwa. Pole." Akanywa chai yake. "Sensa ilisema ngapi, gari likiwaka?"

"Hamsini."

"Si ilikwambia? Hamsini ni mgonjwa popote duniani, Nairobi, Mombasa, hapa, kwa sababu sensa yapima ndani tu, haijali hewa ya nje. Ndiyo pekee iliyokuwa yakwambia kweli, na ndiyo uliyoitupa."

Nikakumbuka yule Mkongo na pongezi zangu. Injini yake ilikuwa ya kawaida tu, na mtu wa watu ameitolea ushuhuda kanisani.

"Mshale wacheza ama umetulia?" mzee akauliza.

"Umetulia."

"Hewa yaingia mahali. Dereva anasemaje?"

Swali lile lilinichoma kuliko kicheko. Katika gereji ya Nairobi hatukuwa na desturi ya kumuuliza dereva. Dereva alikuwa mtu wa kuambiwa. Tulimkalisha kwenye benchi na gazeti la juzi, na kila alichokisema tulikipokea kwa "sawa, sawa" huku tukivuta mpira wa geji. Nami nilikuwa nimemkalisha mke wangu kwenye benchi hilo hilo. Nikamweleza mzee habari za nyoka anayefyonza breki inapokanyagwa.

"Bwana," akasema, na safari hii hakucheka, "mpira wa breki. Nenda nyumbani. Na umshukuru Mungu gari limezima tu."

Alikuwa na haki ya kutocheka. Mpira ule mnene hutoka kwenye injini hadi kwenye breki, na ni mfyonzo wa injini unaoupa mguu nguvu ya kusimamisha gari. Nilipofika maegeshoni nilijipinda chini ya boneti na tochi, na upande wa chini, ambao mtu aliyesimama haoni, nikakuta umepasuka urefu wa kidole. Kila breki ilipokanyagwa ufa ulitanuka na hewa ikaingia kwa wingi, ndiyo maana gari lilizima kwenye taa za barabarani. Mke wangu alikuwa ameniambia ugonjwa, akaniambia unapatikana wapi, hata sauti yake akaniigizia. Nikafunga mpira mpya na ile sensa ya kwanza kabisa, ya gari lenyewe, niliyokuwa nimeihukumu. Ufunguo: mia moja na moja. Injini: thelathini na tatu. Geji: ishirini. Gari lilitulia hata sarafu ungeisimamisha juu ya boneti.

Nilipanda juu nikamwambia limepona. "Ilikuwa nini?" akauliza. Nikasema ilikuwa mpira. Akasubiri. Nikasema ni mpira mgumu kuonekana. Akasema sawa, na kwamba msimamizi anataka maandishi kufikia Ijumaa.

Barua ile ilinichukua jioni nne. Rasimu ya kwanza ililaumu mpira. Ya pili ililaumu mpira na hali ya hewa, jambo ambalo ukilifikiria halikuwa uongo kabisa. Ya tatu ilikuwa na maneno marefu ya kiufundi kiasi kwamba hata mimi sikujua nani amefanya nini. Lakini nilielewa kwamba nyuma ya barua ya msimamizi kulikuwa na swali moja tu, nalo ni ikiwa dereva alijua gari ni bovu na akanyamaza. Kila rasimu niliyojificha ndani yake ilimwacha mke wangu amesimama nje peke yake. Mficha uchi hazai. Alhamisi nikaandika, kwa Kiingereza changu cha depo, kwamba dereva aliripoti tatizo mapema na kwa usahihi, pamoja na sauti ya breki. Kwamba fundi alipuuza maelezo yake. Kwamba fundi alisoma vipimo kwa kiwango cha mji mwingine, akatangaza gari ni zima wakati ni bovu. Kwamba kosa la kuchelewa ni la fundi, si la dereva. Nikatia sahihi. Nikaiweka kwenye bahasha nikaifunga kwa mate, kusudi asiisome mbele yangu.

Ijumaa alirudi saa kumi, akaweka birika motoni, akaanza kupanga mboga kwenye friji bila haraka. Nilivumilia mpaka karoti.

"Walisemaje?"

"Nimebaki na wazee wangu. Wote."

Nilikaa. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama.

"Msimamizi alisoma barua mara mbili," akaendelea, akiwa ameinamia friji. "Akauliza, huyu mechanic, are you still using him? Nikamwambia ndiyo. Akauliza why. Nikamwambia ni mume wangu."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akasema ana miaka ishirini kwenye hiyo kazi na hajawahi kuona fundi akiandika amekosea. Akapiga photocopy."

Nilicheka na mimi. Nilijisikia mwepesi, nikaanza kusema kwamba kwa kweli mtu hujifunza, kwamba hewa ni kitu cha ajabu, kwamba yule mzee wa Rayners Lane... Mke wangu alifunga friji akageuka.

"Ile ilikuwa ya ofisi," akasema. "Mimi sijapata yangu."

Kwa Kiingereza ingekuwa rahisi. London mtu huomba radhi hata kwa aliyemkanyaga ndani ya basi, na nilikuwa nimeomba radhi kurasa mbili nzima kwa msimamizi nisiyemjua. Lakini huyu alikuwa amesimama hapa na karoti mkononi, akinitazama kwa lugha ambayo ndani yake nilikuwa sijawahi kumwambia neno hilo hata mara moja tangu tuoane.

"Nilikosea," nikasema. "Uliniambia, na sikukusikiliza. Nisamehe."

Birika lilikuwa likipiga kelele. Alilitoa motoni, akangoja litulie kabisa, akaniambia niseme tena.